Bolti tatu zimekufa vichwa na moja imekatikia ndani: kweli ninunue nusu ya injini?

"Papa fundi, jambo. Naendesha pikipiki ya TVS ya zamani ya mtu hapa Ndosho, Goma, na kila jioni lazima nimpelekee pesa yake. Klachi ilianza kuteleza, fundi wa jirani akataka kufungua kava ya upande wa kulia. Ili afike huko ilibidi ashushe ekzosi kwanza. Nati moja ya ekzosi ikakatika pamoja na bolti yake, kipande kimebaki kwenye kulasi, kile kichwa cha injini. Alipohamia kwenye kava, bolti nne za nyota zikatoka, tatu zikaliwa vichwa, zimekuwa kama vikombe. Sasa ananiambia ninunue nusu ya injini na kulasi nyingine. Kweli hakuna njia?"

Mdogo wangu, weka pesa yako mfukoni. Huyo fundi mwambie kwa upole, bila ugomvi, aishie hapo alipofika. Injini yako haijafa. Vilivyokufa ni vichwa vitatu vya bolti, na kuna kipande kimoja cha chuma kilichokwama. Tena kabla hujafikiria nusu ya injini, angalia namba ya injini imechongwa wapi: iko kwenye mwili wa injini yenyewe. Ukiubadilisha mwili huo, namba haitafanana tena na ile iliyo kwenye karatasi za pikipiki, na siku ukisimamishwa barabarani utaeleza mpaka jua lizame. Na pikipiki si yako.

Sasa tuingie kazini. Vijana wengi wanaojifunza ufundi barabarani hawaambiwi kwamba bolti inashikwa sehemu mbili. Inashikwa chini ya kichwa, pale kinapokandamiza kava, na inashikwa kule ndani kwenye nyuzi. Ukikaza bolti inavutika kidogo sana, kisha inataka kurudi urefu wake, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Kwa hiyo bolti iliyogoma huenda imegoma chini ya kichwa tu, nyuzi zikiwa nzima kabisa. Au imegoma kwenye nyuzi, kichwa hakina neno. Au inazunguka bure bila kutoka, maana nyuzi zimekwisha. Haya ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Fundi asiyejiuliza ni lipi huwa na dawa moja tu, nayo ni kuongeza urefu wa spana.

Bolti zako tatu za kava ni ugonjwa wa kichwa, naweza kusema hivyo bila hata kuziona. Nyuzi zake zimejificha ndani ya tundu, maji hayafiki huko kwa urahisi, na wenzake wanne wametoka bila shida. Kilichoua vichwa ni bisibisi.

Nyota si zote sawa, ingawa kwa macho zinafanana. Pikipiki za Japani, na nyingi za Asia zilizofuata michoro ya Japani, zina nyota yenye umbo lake (TVS yenyewe ilikuwa na ubia na Suzuki mpaka 2001, kwa hiyo usishangae). Mara nyingi utaona kijitone kimoja pembeni mwa msalaba. Bisibisi za nyota tunazonunua barabarani ni za umbo jingine: ncha yake inagusa chini kabla mabawa hayajakaa vizuri pembeni. Ukizungusha kwa nguvu inapanda juu yenyewe na kuruka, na kila ikiruka inakula chuma. Mara tatu tu umepata kikombe. Mimi bisibisi yangu nimeisaga ncha kidogo, chini ya milimita moja, ili izame mpaka mwisho.

Kwenye vichwa vyako vilivyokwisha kuliwa, anza hivi. Rudisha kwanza zile bolti nne nzuri, zikaze wastani tu. Zilipotoka, mzigo wote wa kava uliangukia zile tatu, na unataka kuzipunguzia. Kisha chukua msumari, toa uchafu wote ulio ndani ya msalaba. Vumbi letu la makoro, mawe ya volkano, likichanganyika na oili linakuwa kama simenti. Weka kipande cha chuma bapa juu ya kichwa cha bolti, ukipige kwa nyundo mara kadhaa, wima. Usipige kama unayevunja jiwe, piga kama anayebisha hodi kwa mtu mwenye usingizi mzito. Pigo hilo linafanya kazi mbili: linatikisa pale chini ya kichwa palipong'ang'ania, na linarudisha ndani kidogo kile chuma kilichopanda pembeni mwa msalaba. Baadaye tia tone la dawa ya kusagia valvu, ile yenye mchanga laini. Inaipa bisibisi meno. Gongea bisibisi ndani kwa nyundo, kisha zungusha huku umeegemea kwa uzito wako wote.

Kama fundi wako anayo bisibisi ya kugonga, ile nene ambayo ukiipiga nyundo nyuma inajizungusha yenyewe, basi hadithi ingeisha hapo. Inasukuma chini na kuzungusha kwa wakati mmoja, haina nafasi ya kuruka. Hakikisha tu imewekwa upande wa kufungua. Nimeona mtu akigonga nusu saa akikaza.

Ikishindikana, tindo. Chukua tindo ndogo yenye makali, iweke ukingoni mwa kichwa, si katikati, chonga mkato mdogo ukiwa umeisimamisha wima. Mkato ukiisha patikana, lalisha tindo na upige kuelekea upande wa kufungua, kinyume cha mshale wa saa. Vichwa vya kava vikiwa vya mviringo na vimejitokeza, njia hii inatoa nyingi. Koleo la kujifunga, hilo tunaloliita pinsi eto, nalo linafaa kama kichwa kimesimama juu ya kava. Ukikuta kimezama kwenye shimo lake, usipoteze muda.

Na hata yote hayo yakigoma, bado hujashindwa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kata kichwa chote.

Najua inatisha. Lakini kumbuka sehemu mbili za kushikwa. Kichwa kikiondoka, kubana kumekwisha. Kava inatoka kama kifuniko cha sufuria, na nyuma yake vinabaki vijiti vitatu vimesimama kwenye injini, urefu wake sawa na unene wa kava. Utashangaa: vijiti vile mara nyingi unavizungusha kwa vidole, maana nyuzi hazikuwa na ugonjwa wowote. Kwa bolti ya milimita 6 anza na alama katikati kwa panchi, toboa na meshi (ncha ya drili) ya 3, kisha fuata na meshi ya 6 au zaidi kidogo. Toboa polepole, meshi ikipakwa grisi ili ishike vumbi la chuma. Kichwa kikianza kuzunguka pamoja na meshi, simama. Usiendelee chini, utakula kijiti chenyewe. Oili ya injini uwe umeshaimwaga kabla, na ile ya zamani usiirudishe. Kava ikikataa kuachia gasketi, gonga pembeni kwa kipande cha mti. Usiingize bisibisi kati ya kava na injini, utaacha kovu ambalo litavuja oili maisha yake yote.

Hizo ni tatu. Twende kwenye kulasi.

Bolti ya ekzosi ina ugonjwa mwingine kabisa: imeshikwa na nyuzi. Inapashwa moto na kupozwa kila siku, inanyeshewa, inarushiwa tope. Kutu ya chuma inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilichooza, kwa hiyo kutu ikizaliwa ndani ya nyuzi inajaza kila upenyo na kubana. Tena hapo ni chuma ndani ya alumini. Metali mbili tofauti zikikutana na maji yenye chumvi au asidi, zinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka bolti ndio huo. Sisi wa Goma tuna nyongeza: moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inakuwa asidi. Angalia mabati ya nyumba upande wa volkano yanavyooza haraka, kisha fikiria bolti.

Dawa ya kwanza ni mafuta ya kupenya, na dawa ya mafuta ya kupenya ni muda. Watu wananyunyiza, wanahesabu mpaka kumi, wanachukua spana. Hapana. Nyunyiza jioni, gonga kidogo, nyunyiza tena kabla ya kulala, asubuhi tena. Kopo la WD-40 linasaidia, ila jina lake lenyewe linamaanisha kufukuza maji, hiyo ndiyo kazi liliyotengenezewa. Kuna mafuta mengine yaliyotengenezwa kwa kupenya kutu tu, na yanapenya vizuri zaidi. Ukikosa yote, changanya nusu kwa nusu oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Vitu hivyo viwili havipendani, vinaachana, kwa hiyo tikisa chupa kila mara unapotumia, na uiweke mbali na sigara. Mafuta ya taa nayo ni afadhali kuliko kukaa bure.

Halafu kuna moto. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na sisi wa Goma tunaoiita pikipiki "moto" tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo ukipasha kulasi kuzunguka bolti, tundu linafunguka zaidi kuliko bolti inavyonenepa. Pasha alumini, usimalizie mwali wote kwenye bolti. Zungusha mwali, usiusimamishe sehemu moja. Tone la maji likirukaruka na kupotea mara moja, joto limetosha. Alumini haikuonyi kama chuma: haiwi nyekundu, inakaa na rangi yake ile ile mpaka inapofikia kama nyuzi joto 600 na kumwagika kama uji. Nimeona kulasi iliyokuwa nzima saa nne asubuhi, saa tano ikawa na shimo.

Tangi la mafuta liondolewe kabisa, si kufungwa koki tu. Kabureta nayo iondoke. Na kama umesafisha sehemu hiyo kwa dawa ya kusafishia breki, acha ikauke kabisa mpaka harufu iishe, nje penye upepo. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na klorini ikikutana na moto au mwanga wa kuchomelea inatoa gesi ya fosijeni, ambayo inaua mapafu. Hilo si la kutania.

Sasa inategemea kipande kimebaki vipi. Kama kimejitokeza hata kidogo, usikiguse tena na koleo, kila jaribio linakila. Nenda kwa mchomeaji mwenye mkono mtulivu. Aweke nati juu ya kipande, tundu la nati likiwa kubwa kidogo, ajaze katikati kwa kuchomelea. Chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini, kwa hiyo kulasi iko salama akiwa mwangalifu. Waya wa ardhi aufunge kwenye kulasi yenyewe, karibu kabisa na bolti, ili umeme usipitie kwenye beringi za injini; na kabla ya hapo chomoa betri na kisanduku cha CDI, kile kinachoongoza cheche za plagi. Joto lile kali lililoingia ndani ya bolti ndilo hasa linalovunja kutu. Acha nati ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kitambaa, tia tone la mafuta ya kupenya, kisha spana.

Na ukishika spana, anza kwa kukaza. Kidogo tu, kama nywele. Kisha fungua kidogo, kaza tena, fungua. Kutu inavunjika kwa kwenda na kurudi; ukivuta upande mmoja tu unaikusanya mbele yako mpaka bolti ikwame au ikatike. Ukisikia mlio wa "tik" na mkono ukaachia ghafla, hiyo ni furaha. Ukihisi inalegea polepole kama mpira, simama: bolti inajinyonga, iko karibu kukatika tena. Nati ikiachana na kipande, chomelea nyingine. Mara tatu, mara nne, haijalishi, kila joto linasaidia.

Kama imekatika sawasawa na uso wa kulasi, au chini yake, hapo ni kutoboa. Saga uso uwe bapa, weka alama ya panchi katikati kabisa, na usitosheke na jicho la mara ya kwanza. Alama ikipotea nusu milimita, meshi itakimbilia kwenye alumini, ambayo ni laini kuliko bolti. Anza na meshi ndogo. Kwa bolti ya 6 ishia kwenye meshi ya 5, kwa bolti ya 8 ishia 6.8. Ukiwa umeshika katikati, kitakachobaki ni ganda jembamba la nyuzi, unaling'oa kwa ncha ya sindano kama ganda la karanga, kisha unapitisha taro, chuma cha kukatia nyuzi, kusafisha.

Utaambiwa uingize kile chuma chenye nyuzi za kinyume, kinachozama ndani ya tundu na kuvuta bolti. Nina jambo nacho. Nikiwa bado ninajifunza kazi, bosi alikwenda kula, nikaona nimwoneshe. Bolti ya ekzosi kama yako, nikatoboa, nikapigilia kile chuma, nikazungusha. Kikakatikia ndani. Chuma kile kimekaushwa kigumu kiasi kwamba hakuna meshi ya kawaida inayokitoboa, kwa hiyo sasa nilikuwa na bolti iliyokwama, na ndani yake kizibo ambacho hata drili inakikimbia. Kulasi ilitupwa, na mshahara wangu wa wiki kadhaa uliifuata. Fikiria mwenyewe: bolti nene imekataa kutoka, kijichuma chembamba kuliko hiyo kitaweza vipi? Kinafaa pale bolti ilipokatika kwa kukazwa kupita kiasi bila kutu. Yako ina kutu.

Na kama nyuzi za kulasi zitakuwa zimekufa baada ya yote haya, bado si mwisho. Kuna helikoili, ile springi ya waya unaoingizwa kwenye tundu lililopanuliwa, na bolti ya ukubwa ule ule inarudi. Kwa bolti ya 6 tundu linatobolewa 6.3, kisha taro yake maalumu, si ya kawaida. Nyuzi hizo za chuma ndani ya alumini zinakuwa imara kuliko za kiwandani. Uliza anayefanya kazi hiyo kwa kawaida; bei yake haikaribii kulasi.

Wakati wa kurudisha, hapo ndipo barabara zetu zinapotuharibia akili. Pikipiki inatikiswa na makoro, bolti inalegea, motari, yaani dereva wa pikipiki, anakaza. Inalegea tena, anakaza kwa spana ndefu zaidi, mpaka siku nyuzi zinatoka na bolti kama minyoo. Bolti ya 6 kwenye alumini inataka nyutoni-mita 10 hivi. Hiyo ni spana fupi, imeshikwa karibu na kichwa, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Inayolegea haihitaji nguvu zaidi: inahitaji nyuzi safi, washa nzuri, au tone la gundi ya nyuzi isiyo kali. Kaza kwa mwendo wa msalaba, kidogo kidogo. Zile za nyota usizirudishe kabisa. Tafuta za kichwa cha pembe sita, urefu ule ule. Ukipewa zisizoshika kutu, zinapendeza, lakini ndani ya alumini bila grisi ya shaba zinang'ang'ania vibaya kuliko hizo ulizotoa. Bolti za ekzosi zote zipake grisi hiyo.

Zile nne zilizotoka bila shida, fundi wako ameziweka wapi? Kama ziko zote kwenye kopo moja, zitoe sasa hivi uzipime. Bolti za kava hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini kabla kichwa hakijafika, fundi anaona haijakaza, anaongeza, na nyuzi zinang'oka au injini inapasuka. Chukua kipande cha katoni, chora umbo la kava, toboa kila mahali pa bolti, na kila inayotoka ichomeke kwenye nafasi yake. Ukija kwangu, katoni hiyo uje nayo.